AMMAR BIN YASIR: SIKU ULIMI ULIPOSHINDWA

Ndugu msomaji, kila Ramadhani tunasimuliwa kisa cha Bi Sumayya (R.A.), shahidi wa kwanza katika Uislamu. Aghalabu darsa huishia hapo. Je, yule mwanawe aliyebaki hai?

Baba, Mzee Yasir, alikuwa Myemeni. Alifika Makka kumtafuta ndugu yake aliyepotea, asimpate, akalowea huko chini ya ulinzi wa Abu Hudhayfa wa ukoo wa Makhzum. Huyo ndiye aliyemwoza mjakazi wake, Sumayya, wakamzaa Ammar. Kwa hivyo hawakuwa na kabila la kuwatetea pale mjini. Waliposilimu, Makhzum waliwafanya walivyotaka. Waliwaanika jua la utosi, wamevishwa deraya za chuma. Mtume (S.A.W.) akiwapitia, hana uwezo wa kuwatoa, akiwausia subira na kuwaahidi Pepo. Abu Jahl akamchoma Bi Sumayya mkuki, akafa. Mzee Yasir naye akafia mumo humo katika mateso.

Akabaki Ammar. Wakamtesa, wakamzamisha majini, hawakumwacha mpaka akayasifu masanamu yao na kumtaja Mtume kwa ubaya. Ndipo wakamwachilia.

Sasa hebu fikiria anarudi nyumbani. Mama hayuko, baba hayuko. Na lile walilolifia wazazi wake, yeye amelikana kwa ulimi wake mwenyewe. Watu washaanza kusema ati Ammar amekufuru, na yeye mwenyewe aliona ameangamia.

Alimwendea Mtume (S.A.W.) akilia. Mtume akamfuta machozi, akamuuliza anauonaje moyo wake. Akajibu kuwa umetulia juu ya imani. Basi akaambiwa, wakimrudia tena, naye aseme tena. Wafasiri wengi wanasema aya ya 106 ya Surat An-Nahl ilishuka kwa ajili yake.

Tazama alichoulizwa, na tazama ambacho hakuulizwa! Hakuulizwa mbona hakufa kama mamake. Sisi tungeuliza. Leo kijana akifiwa, akaropoka neno zito kwa uchungu au akaacha kuja msikitini, mtaa mzima ushamtoa katika dini kabla ya arubaini. Hukumu yake si moja na ya aliyelazimishwa, sawa, lakini nani amekwenda kumuuliza hali ya moyo wake?

Huyo huyo Ammar, ulipojengwa msikiti wa Madina, wenziwe walibeba tofali moja moja, yeye mawili mawili. Tarehe 17 Ramadhani mwaka wa 2 Hijria (624) alikuwa Badr, siku aliyouawa Abu Jahl. Sayyidna Umar (R.A.) alimfanya gavana wa Kufa. Aliuawa Siffin mwaka wa 37 Hijria (657), akiwa katika jeshi la Sayyidna Ali (R.A.), umri wake umepita miaka 90. Ali alimswalia, akamzika bila kumwosha, kama wazikwavyo mashahidi.