Kakai Kilonzo na mguu wa mpiga drams

Mtu wa Pwani aliyefikisha miaka hamsini akitajiwa jina la Kakai Kilonzo hahitaji maelezo mengi. Nyimbo zake zilisikika kwenye mabasi, kwenye redio za mafundi cherehani na kwenye harusi za majirani zetu Wakamba wa Changamwe na Shimba Hills. Vijana ndio wasiomjua, au wamjua kwa wimbo mmoja tu, Mama Sofi, na wengine hudhani mwenyewe yu hai. Bwana huyu alifariki 1987. Nimeamua kumwandika kwa sababu ya ubishi ulioingia katika bendi yetu ndogo hapa Machakos, ninakoishi kikazi mwaka wa 9 huu, na ubishi wenyewe nitaufikia. Kwanza tumjue mtu.

Alizaliwa 1954 Kilimambogo, upande wa Thika, sehemu iliyokuwa ndani ya wilaya ya Machakos ya zamani. Wamaasai waliuita mlima wa hapo Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Jina la Kilimambogo ni Kiswahili kitupu, kilima cha mbogo, na ukienda leo mbuga ya wanyama ya hapo utaelezwa kwamba mbogo bado wapo. Chini yake wapita Mto Athi, ambao hapo hufanya maporomoko ya Fourteen Falls, kisha hushuka, hubadilisha jina ukawa Galana, na ukifika kwetu Malindi huitwa Sabaki. Kwa hivyo maji aliyokulia Kakai ndiyo hayo hayo tunayoyaona mekundu baharini wakati wa mvua. Kandokando ya mlima palikuwa na mashamba makubwa ya walowezi, na kijana wa miaka ile alikuwa na njia mbili za kawaida: kibarua cha shamba, au Nairobi.

Kakai alishika gitaa. Alipofika umri wa kupanda jukwaani, katikati ya miaka ya 1970, benga ilikuwa imekwisha kutoka kwao Nyanza. Wapigaji wa Kijaluo walikuwa wameuchukua mtindo wa nyatiti, ile ala yao ya nyuzi nane, wakauhamishia kwenye gitaa la umeme: gitaa linadonoa upesi upesi, linamjibu mwimbaji, na besi inaruka badala ya kutembea. Wafanyabiashara wa santuri wa River Road, Nairobi, waliona kuwa muziki huu wauzika, na kila jamii ikatia lugha yake na mkono wake. Huku Ukambani zikatokea bendi tatu zilizowafunika wengine wote. Moja ni Kyanganga Boys ya Peter Mwambi. Ya pili ni Kalambya Boys, ambayo ndiyo iliyozaa Kalambya Sisters, wale mabinti wa wimbo wa Katelina. Ya tatu ni ya Kakai, Les Kilimambogo Brothers Band. Tazameni jina hilo: Kifaransa mbele, Kiswahili katikati, Kiingereza nyuma. Wakongo walikuwa wameijaza Nairobi wakati ule, Les Mangelepa na wengineo, na bila hiyo Les mtu alionekana mshamba.

Wakamba waliongeza kitu kimoja kwenye benga ambacho hata asiyejua muziki hukisikia. Ni ile ngoma kubwa ya drams, inayopigwa kwa mguu. Katika mitindo mingi mguu hugonga hapa, ukapumzika pale. Kwa Wakamba mguu hugonga kila pigo, bila kuacha, tangu wimbo uanze mpaka uishe. Juu yake matoazi yanachemka, na magitaa yanacheza yatakavyo kwa kuwa yajua chini pana ardhi. Ukikaa nje ya baa usiku husikii maneno wala gitaa, wasikia huo mguu tu kifuani. Mimi nimezoea chakacha na dumbaki, na mara ya kwanza niliona jambo hili ni la kuchosha. Lakini Wakamba ni watu wa ngoma tangu jadi. Kwenye kilumi, ngoma ya mizimu na ya kuomba mvua, mpigaji ndiye anayemwongoza mchezaji mpaka apandwe, na akikosea yeye shughuli yote imeharibika. Mguu ule wa benga hauko mbali na hapo.

Sasa, kati ya wale watatu, kwa nini Kakai ndiye aliyetufikia sisi? Mwambi alikuwa na mguu mzito zaidi, na wapenzi wake mpaka leo wataapa kuwa gitaa lake halina mfano. Jibu langu ni kwamba Kakai alifanya mambo mawili pamoja.

La kwanza ni lugha. Sauti ya Kenya ya siku hizo ilikuwa na idhaa ya taifa kwa Kiswahili, na pembeni vipindi vya lugha za makabila vyenye saa zake maalumu. Wimbo wa Kikamba ulisikika saa ya Wakamba, basi. Wimbo wa Kiswahili ulipita Vanga, Lamu, Kisumu na Garissa kwa siku moja. Kakai hakuacha kuimba Kikamba, ila alitunga kwa Kiswahili kwa wingi kuliko wenzake, na akatunga habari zinazomhusu kila mtu: ndoa, pesa, wakwe, mji na hila zake. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, na sisi wenye kujiita wenye lugha tulikicheka. Tulikicheka huku tukinunua santuri.

La pili ni kwamba bendi yake ilikuwa na nafasi ndani yake. Mguu ulikuwa ni ule ule wa Kikamba, lakini juu yake magitaa yalipishana kwa ustadi, moja likipanda jingine likishuka, na mpiga drams alijua lini apunguze mkono ili maneno yasikike na lini afungue. Jambo hili lajulikana vizuri kwa mwenye kukumbuka santuri ndogo za siku zile. Upande wa kwanza ulikuwa wa maneno. Ukiugeuza, upande wa pili maneno yamepungua au yamekwisha, na magitaa yamewaka. Hapo ndipo watu walipotoka vitini. Waimbaji wamenyamaza, gitaa la solo limebaki na sentensi moja fupi likiirudiarudia, na anayebeba mzigo wote ni yule aliye nyuma, ambaye hata jina lake halikuandikwa kwenye karatasi ya santuri.

Na hapa ndipo ubishi wetu ulipo. Sisi ni watu watano, twapiga Ijumaa na Jumamosi kwenye baa na harusi za hapa mjini na vitongojini, na nusu ya nyimbo tunazoombwa ni za zamani, za Kakai zikiwa mbele. Mwezi wa tatu mpiga drams wetu alipata kazi ya ulinzi Qatar akaondoka, na simlaumu, maana ana watoto watatu. Malipo yetu ni shilingi 12,000 kwa usiku, ukitoa gari na chakula hakibaki kitu cha kujivunia. Mwenye kinanda akaja na mashine ya ngoma, kijisanduku cha kukaa mapajani, akasema tatizo limekwisha: tugawane kwa wanne. Mwenye baa moja alifurahi zaidi, kwa kuwa drams humla nafasi ya meza mbili.

Hoja yake ina nguvu, tena kwa muziki huu kuliko mwingine wowote. Kama mguu wagonga kila pigo bila kubadilika, si ndiyo kazi hasa ya mashine? Haichoki, haichelewi, hailewi, haidai nauli ya kurudi. Na mashine hizi si jambo jipya. Vinanda vya miaka mingi nyuma vilikuwa na kitufe cha rumba na cha chacha. Mwaka 1980 Mmarekani Roger Linn alitoa mashine yake ya LM-1 iliyokuwa na sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa, na Wajapani wa Roland wakatoa TR-808 mwaka huo huo. Kakai alikuwa hai na bendi yake ilikuwa kileleni. Baadaye zikashuka bei na zikafika kwetu pia. Taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990, East African Melody na wenzao, iliegemea kinanda na midundo ya mashine, na wazee wa dumbaki wa Mombasa na Unguja wakabaki wakitazama. Nani atasema watu hawakucheza? Walicheza, na wacheza bado.

Tukaijaribu wiki tatu. Sikuona kasoro ya sauti. Kasoro ilikuwa pale pa upande wa pili. Tukifika penye magitaa kuwaka, ile mashine haikujua kuwa tumefika. Katika bendi ya watu, mpiga drams huona mama mmoja amevua viatu, huona meza ya pembeni imeanza kusimama, basi huongeza nguvu kidogo, pengine na kasi kidogo, na sehemu iliyokuwa iishe kwa dakika mbili hupelekwa mpaka sita. Sisi wengine humfuata bila kuambiwa. Na mashine, yule mwenye kinanda alikuwa ameiandikia dakika mbili, na zikiisha hurudi kwenye mdundo wa maneno, watu wakiwa wamenyanyua mikono. Akabadilisha ikawa bila mwisho, na sasa ikawa hakuna wa kutumalizia, twatazamana kama watu waliokosa basi. Wenye ufundi zaidi wataniambia kuna mashine za kukanyagwa kwa mguu ili zibadilike. Zipo. Lakini nikiwa na mguu wa kukanyaga kwa wakati wake, basi nahitaji mtu mwenye mguu, na nimerudi pale pale.

Kakai hakuwahi kupata nafasi ya kuzeeka na kubishana habari hizi. Alifariki akiwa hajatimiza miaka 34, bendi yake ikiwa yapendwa nchi nzima. Na mambo yaliharibika upesi baada yake. Kanda za wizi zilikuwa zimekwisha kuua soko la santuri: mtu hurekodi kanda moja, huzalisha mia, mtunzi hapati senti. Studio zilipokosa faida hazikutaka tena kulipa watu saba kukaa siku nzima na kurudia wimbo kwa kuwa mmoja amekosea. Mmoja na kinanda alitosha. Kwenye mabaa ya bara ikaja desturi ya mtu mmoja na gitaa lake, na mashine nyuma. Kwa hiyo wapiga drams hawakuondolewa kwa sababu mashine ilipiga vizuri zaidi. Waliondolewa kwa kuwa pesa ziliisha, na wao ndio walikuwa rahisi kupunguza. Kwa bahati, nyimbo za Kakai zilikusanywa upya na kutolewa Ujerumani, na leo zimejaa kwenye intaneti, ndiyo maana kijana wa miaka ishirini wa hapa Machakos aweza kuomba wimbo uliorekodiwa kabla mama yake hajaolewa.

Basi tulianza kutafuta mtu. Jambo la ajabu ni kuwa wapiga drams Machakos wapo wengi kuliko zamani, ila wote wako makanisani. Tuliwajaribu saba. Wana mikono myepesi kushinda yule wetu aliyekwenda Qatar, lakini karibu wote walikuwa na ugonjwa mmoja, kila baada ya mistari minne lazima wajazejaze, ngoma hii na ile, kama waliohesabiwa mapigo na kulipwa kwa pigo. Mguu ule wa moja kwa moja waliuona wa kitoto. Nikamwambia mmoja aupige robo saa bila kuacha. Dakika ya tano mguu ulianza kusinzia, ya nane akaomba maji.

Aliyeweza ni binti wa miaka 22. Sikutarajia, na wenzangu walicheka kabla hajakaa kitini. Alisikiliza upande wa pili wa wimbo mmoja wa Kakai kwa simu, mara mbili, akauliza ni nani hapo aliyeamua kumaliza, gitaa au drams. Hakuna katika wale sita aliyeuliza. Kisha akapiga, na hakujaza kitu mpaka penye haja.

Mama yake hataki baa, na simlaumu yeye pia, nazijua baa zetu. Tumekubaliana hivi: atapiga harusi na shughuli za mchana, atarudishwa nyumbani kabla ya magharibi, na fungu lake ni sawa na letu, mmoja kwa watano. Mwenye kinanda amenuna kwa habari ya fungu. Ijumaa na Jumamosi usiku twaendelea na mashine, dakika zake mbili na yote, mpaka tupate wa pili. Jumamosi ijayo mchana tuna harusi Kyumbi, ya kwanza yake, na wazee wa upande wa bibi harusi wamekwisha tuma orodha ya nyimbo. Tisa ni za Kakai.