Pissarro, mchoraji aliyekimbia vita na kurudi

Safari hii tusome maisha ya mchoraji Camille Pissarro. Jina lake liko katika vitabu vya Ufaransa, lakini Mfaransa hakuwa. Alizaliwa tarehe 10 Julai 1830 kisiwani St. Thomas, bahari ya Karibi, wakati huo koloni ya Denmark. Uraia wa Denmark alibaki nao mpaka kufa.

Baba yake alikuwa Myahudi mwenye butiki. Kijana alitumwa shule karibu na Paris, kisha akarudi kuhesabu mizigo bandarini. Anahesabu, na huku anachora wapagazi. Mwaka 1852 akaacha butiki, akaenda Venezuela na mchoraji mwenzake, na mwaka 1855 akaingia Paris. Huko alipendana na Julie Vellay, msichana wa kazi nyumbani kwa mama yake. Mama akakataa kabisa. Wao wakaishi pamoja hata hivyo, wakazaa.

Mwaka 1870 walikuwa wanakaa Louveciennes, karibu na Paris, vita ikaanza kati ya Ufaransa na Prussia. Pissarro akachukua Julie na watoto, wakakimbilia kwanza kwa rafiki magharibi mwa nchi, halafu London. Picha zikabaki nyumbani. Unapokimbia unabeba watoto na sufuria, hauwezi kubeba kazi ya maisha yako yote. London alifunga ndoa na Julie, na akafahamiana na Paul Durand-Ruel, mfanyabiashara wa picha aliyekuwa mkimbizi kama yeye.

Juni 1871 akarudi. Kumbe askari wa Prussia walikuwa wamefanya nyumba yake kambi. Picha zake walizitandika uani juu ya matope ili wasichafue buti. Inakadiriwa alikuwa ameacha picha 1,500. Zilizopona ni kama 40. Mimi nimejaza fishi nyingi za hasara vijijini: mbuzi, mabati, mashini ya kushona. Kazi ya miaka karibu 20 haina mstari kwenye fishi yoyote niliyowahi kushika.

Akahamia Pontoise, akaanza upya. Maonyesho makubwa ya serikali, yaani Salon, yalikuwa na majaji wake, na majaji hao waliwafungia mlango wachoraji wa namna yake. Ndipo yeye na wenzake, Monet, Renoir, Degas na wengine, wakaunda chama chao. Hapa ndipo nampenda zaidi huyu mzee: alipotafuta mfano wa katiba alikwenda kuchukua ile ya ushirika wa watengeneza mikate wa Pontoise! Renoir alilalamika kwamba kanuni ni nyingi mno. (Kila chama kina Renoir wake.)

Maonyesho ya kwanza yalifunguliwa Paris tarehe 15 Aprili 1874. Mwezi huohuo Pissarro alikuwa amemzika binti yake Jeanne. Watu walikuja kucheka, na mwandishi mmoja wa gazeti akawabandika jina la Waimpresionisti kwa kuwadharau. Mwisho wa mwaka hesabu ikafungwa: kila mwanachama alitakiwa kulipa faranga 184 na nusu. Chama kikavunjwa.

Lakini maonyesho yaliendelea, jumla mara 8 mpaka 1886, na ni Pissarro peke yake aliyeshiriki yote. Wengine walitoka, wakagombana, wakarudi. Yeye alikuwa pale, na vijana walimfuata: Cézanne na Gauguin walijifunza kwake.

Pesa ilichelewa sana. Huko Éragny ni Julie aliyelisha watoto kwa bustani na sungura, na mwenye nyumba alipotaka kuuza, ni yeye aliyekwenda kwa Monet kuomba mkopo. Monet akatoa, wakainunua, mwaka 1892.

Uzeeni jicho lilimsumbua, upepo na vumbi vikawa adui, hakuweza tena kukaa shambani na turubai lake. Basi akakodi vyumba vya hoteli, Rouen na Paris, akaketi nyuma ya kioo akichora barabara chini: farasi, mikokoteni, watu wengi wadogo wadogo wakienda kazini. Alikufa Paris tarehe 13 Novemba 1903, na picha hizo za dirishani ni kati ya zinazouzwa bei kubwa kuliko zote alizochora.