Jacob Wainwright: Aliyefika London Amechoka

Jumapili iliyopita Askofu alifundisha juu ya mifupa ya Yusufu, Kutoka 13:19. Kama ulichelewa kwa sababu ya jam ya Ngong Road, kwa ufupi ilikuwa hivi: Yusufu aliwaapisha ndugu zake wasije wakamwacha Misri. Musa alipotoka akaichukua ile mifupa, ikazunguka nyikani miaka 40, na mwishowe ikazikwa Shekemu (Yoshua 24:32). Baada ya ibada mama mmoja akanishika mkono pale mlangoni akaniuliza, sasa Pastor, ni nani hasa alikuwa akibeba hilo sanduku? Nikakosa jibu. Musa hakulibeba mgongoni kila siku, hiyo tunajua. Kuna watu walipokezana, lakini Biblia haijatupa majina yao.

Swali hilo likanikumbusha kijana mmoja wa upande wetu wa Afrika ambaye naye alisindikiza maiti, na huyu jina lake tunalo.

Jacob Wainwright alizaliwa Myao. Akiwa bado mdogo wafanyabiashara wa watumwa wakamkamata. Meli za Uingereza zilikuwa zikivizia majahazi ya watumwa baharini, na watoto wengi waliookolewa walipelekwa India. Jacob alikuwa mmoja wao. Akalelewa Nasik, karibu na Bombay, kwenye shule ya Church Missionary Society, ile CMS. Huko ndiko alikopata jina la Jacob Wainwright, akabatizwa, akajifunza kusoma na kuandika Kiingereza. Hebu fikiria mtoto aliyekatwa kutoka kwa mama yake, akavushwa bahari, akapewa jina ambalo baba yake hangeweza hata kulitamka. Halafu kutoka kwa hayo yote Mungu akatoa kitu.

Mwaka 1872 Jacob na vijana wenzake wa Nasik wakarudishwa Afrika ili wajiunge na msafara wa kumtafuta Dr. David Livingstone, mmishonari na mtembezi ambaye Ulaya walidhani amepotea. Ule msafara ulivunjika kabla ya kuanza, kwa sababu Henry Stanley alitokea bara na habari kwamba ameshampata mzee, yuko hai. Livingstone alikuwa amekataa kurudi Uingereza, alichotaka ni watu na vitu vya kuendelea na safari. Kwa hivyo Stanley akaandika wapagazi na walinzi 57, Jacob akiwa ndani, nao wakamfikia Livingstone Unyanyembe, hapo Tabora, mwezi wa Agosti.

Hapa nataka usome polepole. Jacob alikaa na Livingstone miezi isiyofika 9. Waliokuwa viongozi wa kundi ni Susi na Chuma. Hao walimjua mzee kwa miaka 10 na zaidi. Chuma alitolewa kwenye minyororo na Livingstone mwenyewe mwaka 1861. Kama ni kanisa, Susi na Chuma ndio wazee walioanza na hema la mabati, na Jacob ni yule kijana aliyejiunga juzi lakini anajua kutumia kompyuta.

Tarehe 1 Mei 1873, Livingstone akafia kijijini kwa Chifu Chitambo, karibu na Ziwa Bangweulu, nchi ambayo leo ni Zambia. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda.

Wale watu wangeweza kumzika hapo, wakagawana vitu, wakaenda zao. Hakuna aliyekuwa akiwaangalia. Kupita na maiti kwenye vijiji vya watu ilikuwa hatari, wangeweza kutozwa faini au kushukiwa uchawi. Lakini walikaa kikao wakaamua arudi kwao. Wakautoa moyo na matumbo, wakayazika chini ya mti mkubwa, na Jacob kwa sababu alikuwa msomi akasoma ibada ya mazishi. Kisha akachonga maandishi kwenye ule mti. Mwili wakautia chumvi, wakauanika juani siku 14, wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti na turubai. Jacob pia aliandika orodha ya kila kitu cha marehemu. Mimi nimesomea biashara, na orodha hiyo inanigusa kuliko mambo mengine yote. Wako katikati ya msitu, mkubwa wao amekufa, hakuna mkaguzi wa hesabu, na kijana anakaa chini anaandika mali ya mtu ambaye hatarudi kuiulizia.

Halafu wakatembea zaidi ya kilomita 1,600. Ni kama kutoka hapa Corner hadi Mombasa, kurudi, kwenda tena, na bado hujamaliza. Iliwachukua karibu miezi 9, wakiugua, wengine wakifa njiani. Walipofika Unyanyembe wakamkuta ofisa Mwingereza, Luteni Cameron, ambaye aliona ni busara wauzike mwili pale pale, maana mbele kuna shida. Wakakataa. Na shida ilikuwepo kweli. Walizuiwa njiani, ikabidi watengeneze maiti ya bandia kwa mabua, wakaituma nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika, na ile ya kweli wakaifunga ionekane kama mzigo wa kitambaa cha biashara. (Sihubiri juu ya huo ujanja. Wazee wa kanisa wakitaka tutaujadili kwenye Bible study ya Jumatano.)

Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Mwili ukavushwa hadi Zanzibar, na kaimu balozi wa Uingereza akawalipa watu mishahara yao, kisha akawaachilia. Kwenye vitabu vya hesabu kazi ilikuwa imeisha. Susi na Chuma hawakupewa tikiti. Aliyepanda meli kuusindikiza mwili alikuwa Jacob, kwa sababu CMS walimlipia nauli kama mwanafunzi wao, na Kiingereza alikijua. Sijui kama angeweza kukataa. Ninachojua ni kwamba kati ya wote waliobeba, aliyekaribishwa mazishini ni yule ambaye hakukaa sana na marehemu.

Tarehe 15 Aprili meli ya Malwa ikatia nanga Southampton. Watu walijaa bandarini, na treni maalum ikawapeleka London. London wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 3. Nairobi haikuwepo kabisa, ingeanza kama kambi ya reli mwaka 1899. Hata hapa Dagoretti, Lugard angekuja kujenga boma lake miaka 16 baadaye. Jacob alitoka kwenye njia ya miguu na vichaka, akaketi merini wiki nyingi karibu na sanduku, akashukia katikati ya mji mkubwa kuliko yote duniani. Alikuwa na siku tatu hadi mazishi.

Katika siku hizo daktari Sir William Fergusson aliukagua mwili. Uso haukuweza kutambulika. Aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto, uliovunjwa na simba kule Afrika Kusini mwaka 1844 na haukuunga sawasawa. Kwa hivyo hata hapa mambo yaliishia kwenye mfupa, kama kwa Yusufu.

Jumamosi tarehe 18 Aprili Jacob akaingia Westminster Abbey, kanisa ambalo wafalme wa Uingereza wanavishwa taji tangu 1066. Walioshika jeneza walikuwa wanaume 8. Stanley alikuwa mmoja, Dr. Kirk wa Zanzibar mwingine, na Mwafrika pekee alikuwa Jacob. Mzee Robert Moffat, baba mkwe wa marehemu, alikuwepo pia.

Nikisoma habari hii huwa najiuliza alilala wapi, alikula nini, na kama kuna mtu alimwambia, kijana, keti kwanza upumzike. Nina sababu ya kuuliza. Mwaka jana tulichanga hapa kanisani kumleta nyumbani dada yetu aliyefia Ghuba, akienda huko kutafuta kazi ya nyumba. Ndugu yake ndiye aliyekwenda kumchukua. Aliporudi alikuwa hajalala siku tatu. Tulimpokea uwanja wa ndege, magari manne, na kila mtu alimuuliza kitu. Huyu makaratasi, yule ratiba ya mochari. Mimi, mhasibu wenu, nikamuuliza risiti. Alinipa zote, amezipanga kwa bahasha. Ni wiki mbili baadaye aliniambia kwamba siku ile alikuwa hajaonja hata chai, na hakuna aliyemuuliza. Nimemwomba msamaha, na ameniruhusu niandike hapa.

Jacob alibaki Uingereza miezi kadhaa, akizungushwa kwenye mikutano ya CMS kueleza ile safari. Susi na Chuma walifika baadaye mwaka huo kwa hisani ya James Young, rafiki wa marehemu, wakasaidia kuandaa shajara za mwisho za Livingstone zichapishwe kitabu. Mazishi yalikuwa yamepita. Ile safari ya kutoka bara inatajwa kwenye jiwe la kaburi, kwamba mikono ya waaminifu ilimleta kwa nchi kavu na bahari. Hakuna hata jina moja la waliobeba.

Kisha umaarufu ukaisha. Jacob akarudi Afrika Mashariki, akafanya kazi Mombasa na CMS, enzi zile walipoanzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiliwa. Ukivuka daraja la Nyali ukafika Kengeleni, jina hilo limetokana na kengele yao, na kengele bado ipo. Baadaye akaenda Buganda wakati wa Kabaka Mutesa, na mwisho akawa Urambo, bara Tanganyika, kwenye misheni ya London Missionary Society. Hakuna mkutano uliokuwa ukimngoja huko, wala treni maalum.

Daftari aliloandika kwa mkono wake kwenye ile safari ya maiti limehifadhiwa, na siku hizi picha za kurasa zake ziko kwenye intaneti. Mwenye simu anaweza kuziona. Mwandiko ni wa mtu aliyefunzwa vizuri.

Alifariki Urambo mwaka 1892. Kutoka hapo hadi Tabora, mahali ambapo waliambiwa wauzike mwili wakakataa, ni kama kilomita 90.