Mmisionari Alexander Merensky (1837–1918)

Miongoni mwa watumishi walioileta Injili upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, jina la Alexander Merensky hutangulia, ijapokuwa siku zake katika nchi ya Konde zilikuwa chache. Alizaliwa mwaka 1837 huko Silesia, Ujerumani, akatumwa na Misioni ya Berlin kwenda Afrika Kusini mwaka 1859.

Huko Transvaal alianzisha kituo cha Botshabelo mwaka 1865, kimbilio la Wakristo wa Kipedi waliofukuzwa na mfalme wao Sekhukhune. Juu ya kilima palijengwa ngome ya mawe. Mafundi wake walikuwa Wapedi, nao waliyapanga mawe kwa ustadi wa kwao, chini ya minara iliyofanana na ile ya Ujerumani. Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyeona kazi ya mikono hiyo kila siku aliamini kuwa magofu ya Zimbabwe yalitokana na Ofiri ya Biblia, na ndiye aliyempa Karl Mauch habari zake kabla ya safari ya mwaka 1871. Wala utawala wake kituoni haukuwapendeza wote: mwaka 1873 Johannes Dinkwanyane, nduguye Sekhukhune, aliondoka na Wakristo wengi kutafuta ardhi yao wenyewe.

Merensky aliondoka Transvaal mwaka 1882 na kuwa mkaguzi wa misioni mjini Berlin. Mwaka 1886 aliandika juu ya namna ya kumfundisha Mwafrika kazi za mashambani, maandishi yaliyowafurahisha wenye makoloni kuliko yanavyoweza kumfurahisha msomaji wa leo.

Mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 54, aliongoza kundi la kwanza la Berlin kupitia mito Zambezi na Shire, kisha ziwani hadi pwani ya kaskazini. Waskoti waliotangulia ziwani waliwasaidia. Wamoravian walifika mwaka uleule. Hao walikaa Rungwe na upande wa magharibi, nao watu wa Berlin wakashika mashariki, wakajenga kituo cha kwanza, Wangemannshöhe.

Nchi waliyoikuta haikuwa tupu wala ya kupangwa upya. Nyumba za Wanyakyusa zilisimama kati ya migomba, viwanja vikiwa vimefagiliwa. Fito za mianzi zilisimamishwa zikiegemea nje, na kati yake zikajazwa donge ndogo za udongo zilizofinyangwa kwa mkono. Vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe. Ulipofika wakati wa kukabidhiwa nchi, katika sherehe ya ubusoka, mioto yote ya zamani ilizimwa, moto mpya ukapekechwa, na machifu wapya wakapandiwa miti yao.

Mvua iliombwa kwa pamoja pia. Machifu walipeleka ng'ombe Lubaga, kwenye msitu mtakatifu wa Lwembe. Ufukoni, katika nchi ya Wakisi, wavuvi na wafinyanzi wa vyungu, palikuwa na pango ambapo watu walimtolea sadaka Kyala. Mwaka 1893 kituo cha Ikombe kilifunguliwa katika nchi hiyohiyo.

Hapa pana jambo zito kuliko matofali yote ya misioni. Wamisionari walihitaji neno la kumtaja Mungu Muumba, wakalichukua jina hilo la Kyala. Jina la shujaa aliyeheshimiwa pangoni, kando ya maji, likawa jina la Baba wa mbinguni katika sala, nyimbo na Maandiko. Haikuwa kazi ya Merensky peke yake, nayo haikuisha upesi. Wazee waliobatizwa ndio waliobeba mzigo wa kulitenga jina na pango lake.

Yeye mwenyewe hakukaa hata miaka miwili. Alirudi Berlin, akiwaacha kina Nauhaus na Schumann waendelee, na mwaka 1894 akachapisha kitabu juu ya kazi ya Nyasa. Alifariki mwaka 1918, wakati vita ilikuwa imekwisha kuwaondoa wamisionari wa Kijerumani vituoni, na ibada kandokando ya ziwa zikiongozwa na walimu wenyeji.