Shaaban Robert: Karani Aliyeandika Nchi ya Angani

Wenzangu wengi hapa chuoni husema Kiswahili hakina riwaya za kubuni ulimwengu mwingine, eti mambo ya sayari na safari za angani ni ya Wazungu. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni Shaaban Robert.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 huko Vibambani, karibu na Tanga. Alisoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, akaingia ukarani wa forodha. Kazi hiyo aliifanya mpaka 1944, kisha akahamia idara nyingine. Kati ya 1952 na 1960 alikuwa ofisi ya upimaji ardhi, Tanga. Yaani karibu miaka yote ya utu uzima wake alikula mshahara wa serikali ya kikoloni.

Sasa karani kama huyo angesemaje waziwazi kwamba sheria za nchi zinaonea watu? Mwaka 1951 alitoa Kusadikika, riwaya ya nchi inayoelea angani. Sputnik ilikuwa bado miaka 6 ndipo irushwe! Humo ndani Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe 6 waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mawazo ya kuifaa nchi, na kila mmoja akaishia gerezani.

Ni kweli, humo hamna roketi wala mashine. Mtu anayetaka sayansi tupu hataridhika. Lakini swali lake ni lile lile la waandishi wa sayari za mbali: je, tungeishi vipi kama mambo yangekuwa vingine?

Alifariki Juni 1962, miezi 6 tu baada ya uhuru wa Tanganyika, akazikwa Machui, Tanga. Kufikirika, nchi yake nyingine ya kubuni, ilichapishwa 1967, yeye hayupo tena.

Njia aliyoifungua haikufa. Euphrase Kezilahabi aliandika tasnifu juu ya riwaya za Shaaban Robert, na baadaye akatupa Nagona na Mzingile, ambamo ulimwengu wa kawaida unavunjika kabisa. Huko Kenya, Katama Mkangi alitoa Walenisi mwaka 1995. Humo mtu aliyehukumiwa kufa anarushwa angani ndani ya chombo, anatua kwenye nchi yenye haki. Hapo sasa hata chombo cha anga kipo.

Kwetu Chiungutwa, wilaya ya Masasi, kijana akisimama kwenye kikao cha korosho akauliza makato yamekwenda wapi, ataambiwa ni mjuaji. Niliposoma kesi ya Karama, niliwaona vijana hao. Ndiyo maana sikubali kitabu hiki kiachwe kiwe cha kujibia mtihani tu, halafu basi.

Wenzangu, kitabu chenyewe hakifiki hata kurasa mia. Kisomeni wikiendi moja. Halafu anayejua kompyuta, anayejua udaktari, anayejua udongo wa mikorosho, atuandikie Masasi ya miaka 100 ijayo, kwa Kiswahili hiki hiki.