Paul Bomani: Mtetezi wa mizani ya mkulima wa pamba

Katika historia ya kilimo cha Afrika Mashariki, jina la Paul Bomani haliwezi kutenganishwa na pamba ya Usukumani. Bomani alizaliwa Musoma, Tanganyika, mwaka 1925, na alianza kujulikana kupitia chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza.

Wakati huo, mkulima alipeleka pamba yake kwa wanunuzi waliomiliki mizani, na mara nyingi alirudi nyumbani akiamini kwamba amepunjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Bomani na wenzake walizunguka vijijini wakiwahimiza wakulima kuunda vyama vyao wenyewe, vyenye mizani yao na wapimaji wao. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika Shirikisho la Ushirika la Victoria, Bomani akiwa meneja mkuu. Shirikisho hilo lilimiliki vinu vya kuchambua pamba, na kufikia mwaka 1960 lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa barani Afrika.

Ushirika ulibeba pia siasa. Kati ya mwaka 1954 na 1958, serikali ya kikoloni ilizuia shughuli za TANU katika Jimbo la Ziwa, na mikutano ya wakulima ikawa mojawapo ya majukwaa machache ambapo Waafrika waliweza kuzungumzia haki zao.

Mwaka 1960 Bomani aliteuliwa Waziri wa Kilimo, na mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Hata hivyo, katika uchaguzi wa mwaka 1965 wapiga kura wa Mwanza walimnyima kiti chake cha ubunge, yeye aliyewatetea mbele ya mizani. Rais Julius Nyerere alimrejesha serikalini kwa uteuzi. Shirikisho nalo lilikumbwa na malalamiko ya usimamizi, na serikali ikalichukua mikononi mwake kabla ya muongo huo kumalizika. Kuanzia mwaka 1972 Bomani alikuwa balozi nchini Marekani kwa zaidi ya miaka kumi. Alifariki dunia Aprili 2005.

Kwa mkulima wa kahawa wa Rwanda anayepeleka matunda yake kwenye ushirika, maisha ya Bomani yanaacha funzo la wazi: kumiliki mizani ni hatua ya kwanza, na anayeishika, hata akiwa mwenzetu, hana budi naye kuchunguzwa.