Msiri Ngelengwa: muzee aliyefuata shaba mpaka magharibi

Katika sindika yetu ugomvi wa kwanza ni wa musharara. Wa pili ni wa ukoo: nani mwenyeji, nani mutu wa kuja. Sisi wa Runingu, hapa kwenye bonde la Ruzizi, tunayajua maneno hayo tangu utoto. Njo maana leo tunapenda kueleza maisha ya mutu mumoja ambaye jina lake kila mutu wa Katanga analijua: Msiri, mwami wa Bayeke.

Hakuzaliwa Katanga. Alizaliwa karibu mwaka 1830 ngambo ya ziwa letu, upande wa Tabora, katika kabila la Basumbwa, ndugu za Wanyamwezi. Jina lake la kwanza ni Ngelengwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mufanya biashara. Alikuwa anatembea mpaka Katanga kununua shaba, na alifanya urafiki na wakubwa wa kule. Mutoto alijifunza njia nyuma ya baba.

Tukumbuke safari za wakati ule. Kuna inchi ambako wazee walihamia magharibi na magari ya kukokotwa na ngombe, familia nzima ndani pamoja na masufuria. Huku kwetu hiyo haikuwezekana, juu mbungo aliua ngombe njiani. Gari lilikuwa kichwa na mabega ya mutu. Mupagazi alibeba kilo 30 hivi, siku kwa siku, miezi na miezi. Mutu wa mugodi anayebeba mufuko wa mawe mugongoni anaelewa bila kuelezwa.

Karibu mwaka 1856 Ngelengwa alivuka mto Luapula na watu wake. Kwanza aliomba ruhusa kwa Mwata Kazembe, mufalme wa Balunda wa Luapula. Hakuja kama mushindi, alikuja kama mugeni mwenye bunduki chache. Wenyeji waliwaita wale wageni Bayeke, ni kusema wawindaji. Ngelengwa alisaidia wakubwa wa Basanga katika vita zao na Baluba, na kwa shukrani walimupa nafasi. Polepole mugeni akawa musaidizi, musaidizi akawa mukubwa, mukubwa akawa mwami. Alioa mabinti wa familia nyingi za inchi ile, na kila ndoa ilikuwa mapatano. Mwishoni hata Kazembe hakupata tena kodi kwake. Inchi yake iliitwa Garenganze, na muji wake mukubwa ulikuwa Bunkeya.

Nguvu yake ilitoka wapi? Kwanza katika shaba. Tusidanganyike kwamba wazungu njo walioonyesha shaba kwa watu wa Katanga. Mamia ya miaka mbele yao, wenyeji walikuwa wanachimba jiwe la kijani wakati wa kiangazi, kisha mavuno. Walilichoma kwa makaa katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakivuta mivukuto, na walitengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama franga. Bayeke nao walileta ufundi wa kuvuta shaba mpaka iwe waya nyembamba ya kutengeneza bangili. Hapo ufundi wa mwenyeji na ufundi wa mugeni viliungana.

Pamoja na shaba kulikuwa chumvi na pembe za ndovu. Kulikuwa pia watumwa, na hilo hatuwezi kulificha. Njia moja ilienda mashariki kwa Waswahili, nyingine magharibi mpaka Benguela, Angola, ambako bunduki na baruti zilitoka. Bibi yake mumoja, Maria de Fonseca, alitoka upande ule wa Wareno.

Misionere Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya mwaka 1886, na Msiri alimupokea. Lakini wageni walioona muji ule waliona pia vichwa vya watu vimewekwa juu ya miti ya boma. Kadiri alivyozeeka, ukali ulizidi, na kodi ilizidi. Mwaka 1891 Basanga, walewale waliomupokea zamani, waliasi. Mwami anayesahau mulango alioingilia anabomoa nyumba yake mwenyewe.

Wakati ule Ulaya ilikuwa imesikia harufu ya shaba. Mwaka 1890 Alfred Sharpe alikuja kwa kampani ya Cecil Rhodes na karatasi ya kutia saini. Msiri alikataa. Mwaka uliofuata watu wa Leopold II walikuja kundi nyuma ya kundi, na Desemba akafika kapiteni William Stairs, kutoka Zanzibar, na wapagazi zaidi ya 300, kwa kufuata upande uleule wa mashariki Msiri alikotoka. Stairs alitaka bendera ya Leopold ipande. Msiri alikataa tena, bendera ikapandishwa bila yeye. Tarehe 20 Desemba 1891 kapiteni Omer Bodson alitumwa kumukamata. Alimupiga risasi, mwami akaanguka, na Bodson mwenyewe alipigwa na mutu wa Msiri akafa. Bayeke wanasimulia mpaka leo kwamba kichwa cha mwami kilikatwa na hakijarudi nyumbani. Mutoto wake Mukanda-Bantu alichukua kiti, lakini shaba ilikuwa imekwisha kupata bwana mwingine.

Mwaka 1906 Union Minière ilizaliwa. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ya kampani ikayeyushwa. Mikono ilikosekana. Basi watu walitafutwa mbali: Kasai, Maniema, na kuanzia 1925 hata Ruanda-Urundi, ngambo ya Ruzizi yetu. Nao walihama juu ya shaba kama Ngelengwa, ila wao kwa kontra. Desemba 1941, miaka 50 kisha kifo cha mwami, wafanyakazi waligoma kuomba musharara, na askari waliwapiga risasi Élisabethville. Waliokufa walitoka makabila mbalimbali. Risasi haikuuliza ukoo.

Sisi njo tulioanza kuuliza. Mwaka 1992 na 1993, watu wa Kasai waliozaliwa Likasi na Kolwezi walifukuzwa kwa maelfu, wengine walikufa katika gare wakingojea treni. Waliambiwa warudi kwao. Lakini kama kila mutu atarudi kwa babu yake, jina kubwa kuliko yote ya Katanga lingerudi Tabora.

Tunaomba jambo moja. Waulizeni wazee wenu walitoka wapi, walivuka maji gani, walifanya kazi gani, na muandike majina yao mbele hawajafariki. Ukoo ni wa kujua na kuheshimu. Lakini kwenye mulango wa mugodi, wakati wa kuajiri au wakati wa kuchagua mujumbe wa wafanyakazi, swali la ukoo lisiingie. Pale tuulizane tu nani anafanya kazi, na kama amelipwa.